Kunoa Visu vya Mashine ya Kufyekea

Mtu akaaye Ifakara hana haja ya kuambiwa jinsi majani yaotavyo katika bonde la Kilombero. Mvua za masika zikisha kunyesha, na mito ishukayo kutoka milima ya Udzungwa ikisha kufurika, mahali palipokuwa peupe mwezi wa Oktoba hufunikwa na majani yapitayo kimo cha mtu. Zamani kazi ya kuyakata ilikuwa ya fyekeo na panga tu, na katika viwanja vingi vya shule ndivyo ilivyo hata leo. Lakini katika mashamba makubwa utaona trekta lenye sanduku la chuma nyuma yake, pana na bapa, na majani marefu yakilala chini kila lipitapo. Hiyo ndiyo mashine ya kufyekea. Watu wengi huitazama kwa mbali, na hivyo ni vizuri inapofanya kazi. Sisi tuitazame kwa karibu ikiwa imezimwa.

Chini ya sanduku hilo mna sahani nene ya chuma, na ukingoni mwake vimeshikizwa visu viwili, kila kimoja kwa bolti moja kubwa. Visu hivi havikukazwa kama kisu katika mpini wake, bali vimeachwa vicheze. Trekta lizungushapo sahani, visu hurushwa nje vikanyoka, kama jiwe lililofungwa kambani linyookavyo ukilizungusha juu ya kichwa chako. Kisu kikigonga kisiki au kichuguu kilichofichwa na majani, hurudi nyuma, kisha hunyoka tena, na mashine husalimika.

Fanyeni hesabu kidogo. Chukueni mashine ikatayo upana wa mita 1.5. Ncha ya kisu ikizunguka mara moja hupita mita 4.7 hivi. Ikiwa sahani yazunguka mara 800 kwa dakika, ncha hiyo imekwenda mita 3,760 katika dakika moja, yaani zaidi ya kilometa 225 kwa saa. Treni ya TAZARA ipitayo Ifakara haijapata kukimbia hivyo. Basi mfikiri wenyewe, jiwe likipigwa na ncha hiyo litaruka namna gani, na kisu chenyewe je, kama bolti yake imelegea?

Labda mtauliza: majani ni laini na chuma ni kigumu, imekuwaje kilicho laini kukifanya kigumu kiwe butu? Ukweli ni kwamba majani si laini kama tudhanivyo. Pitisha kidole polepole ukingoni mwa jani la mpunga, nawe utajua. Mimea ya jamaa ya nyasi hunyonya kutoka udongoni kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo, ikakiweka katika majani na mashina yake, na mpunga unacho kwa wingi kuliko mimea mingi. Ongeza na mchanga ulioachwa na mafuriko, na udongo mgumu wa vichuguu. Kisu kilicho butu hakikati, bali hupasua na kung'oa. Ukiona mabua yaliyobaki yana nyuzi nyuzi, na injini inaunguruma kwa taabu na kula mafuta mengi, wakati wa kunoa umefika.

Kabla ya kunoa, visu hutolewa, na hapa ndipo watu huumia. Mashine huinuliwa na mikono miwili ya trekta, nayo mikono hiyo hushikiliwa na mafuta yaliyobanwa tu. Mafuta yakiachiwa, mzigo wote huanguka mara moja. Niliwahi kumwona fundi akilala chini ya mashine iliyoinuliwa, bila kuitegemeza kwa kitu. Alikuwa ametoka kuchukua spana nyingine, wakati mtoto aliyepanda kitini kucheza alipovuta wenzo. Chuma chote kilianguka pale pale alipokuwa amelaza kifua chake. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Kwa hiyo dereva huzima injini, huchomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake mwenyewe, wala hampi mtu mwingine. Huutenga mhimili uletao nguvu kutoka trekta. Kisha huweka magogo manne imara chini ya pembe za sanduku, akaishusha mashine ikae juu yake. Mawe na matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka. Ndipo aingize mkono. Kwanza hutia alama kwa chaki: kisu hiki cha upande huu, na makali yake yalielekea huku. Nati iliyoshikwa na kutu hulainishwa kwa mafuta na kuachwa usiku kucha; kuipiga nyundo kwa hasira huharibu bolti.

Kisu hubanwa katika jiliwa, kikanolewa kwa tupa au kwa cherehe, upande ule ulioinama tu, kwa kufuata mwinamo wake wa kwanza. Hakinolewi kama wembe. Makali huachwa na unene wa milimita 1 na nusu hivi, maana makali membamba sana hupindika yakikutana na kisiki cha kwanza. Atumiaye cherehe aende polepole na kuzamisha kisu majini mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya samawati kimeungua. Ugumu wake umepotea hapo, na makali hayatadumu. Kisu chenye ufa hakichomelewi wala hakinolewi: hutupwa, na visu vyote viwili hubadilishwa pamoja.

Ni lazima pia visu viwili vilingane uzito. Kimoja kikizidi, mashine hutetemeka mwili mzima, na kutetemeka huko hula beringi na kulegeza nati. Kwa kupima, mizani ya duka la mchele yatosha kabisa. Kilicho kizito hupunguzwa kidogo kwa tupa, kikapimwa tena, mpaka vilingane. Kazi hii huchosha, na wengi huiruka.

Wakati wa kurudisha, alama za chaki hufuatwa ili makali yatangulie upande wa mzunguko. Nati hukazwa kwa nguvu, ila kisu chenyewe lazima kicheze kikisukumwa kwa fimbo. Kisha magogo huondolewa, watu wote husogea mbali, na injini huwashwa kwa mwendo mdogo, dereva akisikiliza. Baada ya saa moja ya kazi huzima tena, huweka magogo tena, akazikaza nati mara ya pili.