Kufufua Gari-Nyumba: Kutu, Bati na Masika ya Dar es Salaam

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na kabati ndani ya bodi moja, ili msafiri alale popote usiku utakapomkuta. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza vifaa vya kulalia na kupikia vya kufungwa ndani ya Volkswagen Kombi, gari lililokuwa limeingia sokoni mwaka mmoja tu kabla. Afrika Mashariki ilikuja kuijua Kombi zaidi kama gari la kupeleka watalii mbugani. Jijini Dar es Salaam magari-nyumba huonekana zaidi upande wa Kigamboni, kwenye kambi za ufukwe wa kusini, ambako wasafiri wanaokatiza bara zima kwa barabara hupumzika, hufua nguo na kuwaita mafundi kabla ya kuendelea na safari.

Magari yenyewe huwa makuukuu, na si ya aina nyingi. Kuna Kombi, kuna Land Rover ndefu ya inchi 109 iliyoongezewa hema juu ya paa, na kuna mabasi madogo ya Kijapani. Kati ya haya, linalostahili kuzungumziwa kwa kirefu ni Toyota Coaster, ambalo wakazi wa jiji huliita Kosta. Lilianza kutengenezwa mwaka 1969. Umbo la pili likaja mwaka 1982, na la tatu, lile lenye pembe za mviringo lililozoeleka katika barabara za Mbagala na Tegeta, likatoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Australia na New Zealand, Coaster iliyomaliza kazi ya abiria hung'olewa viti ikageuzwa nyumba ya watu wanaozunguka nchi baada ya kustaafu. Dar es Salaam gari hilohilo ni daladala, basi la shule, gari la harusi na la msiba. Ujuzi wa kulifufua kwa hiyo upo tayari, umetawanyika Tandika, Keko, Mbagala, Tandale na Mwananyamala, mara nyingi katika zile zinazoitwa gereji bubu: mwembe mmoja, mashine ya kuchomelea, kompresa, na magari matatu yanayosubiri zamu. Fundi aliyenyoosha bodi za daladala kwa miaka mingi anajua sehemu kubwa ya kazi ya gari-nyumba kabla hajaliona. Kinachomsubiri ajifunze ni kitanda, gesi na umeme wa ndani.

Adui mkubwa wa gari la namna hii ni maji. Injini ikifa hununuliwa nyingine, lakini bodi iliyooza huanguka pamoja na kila kilichofungwa ndani yake. Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati ya misimu hiyo hewa ya bahari haikauki. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kutu nayo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huvimba kama andazi kabla bati halijatoboka. Uvimbe mdogo wa ukubwa wa shilingi mara nyingi huwa na shimo la ukubwa wa kiganja nyuma yake, kwa sababu kutu huanzia ndani.

Mahali pa kutazama panajulikana. Mfereji unaozunguka ukingo wa paa hukusanya majani na vumbi, na maji yakikosa njia hupenya kwenye maungio. Mipira ya vioo ikikauka kwa jua hupasuka, na maji hutiririka ndani ya kuta hadi chini, ambako hakuna anayeyaona. Matao ya matairi hushika tope la barabara za mitaani; ngazi ya mlango hulowa kila abiria anapopanda na viatu vyenye maji. Chini ya sakafu kuna mihimili ya chuma inayobeba mbao, na juu ya mbao kuna kapeti la plastiki. Maji yakishaingia kati ya kapeti na ubao hayatoki tena. Ubao hubaki mbichi mwaka mzima ukiulowesha mhimili uliolala chini yake. Mnunuzi akikanyaga sakafu na kuihisi ikibonyea kama godoro, ajue mihimili imeliwa.

Kazi kubwa ya kwanza ni kuufahamu ugonjwa, na hapa vifaa vya bei ndogo hushinda macho. Nyundo ndogo ikigongwa kwenye bati zima hutoa mlio mkali, na kwenye bati lililooza hutoa mlio uliofifia. Bisibisi ikisukumwa kwa mkono pembeni mwa chuma kibovu hupenya. Kifaa cha tatu ni sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi: ikipitishwa polepole ubavuni mwa gari, huganda penye bati na kuteleza penye puti nene. Gari linalong'aa kwa rangi mpya linaweza kupoteza sumaku kuanzia mlango hadi taa ya nyuma, na hapo mnunuzi anafahamu kwamba anauziwa puti. Njia hii haifai kwa Land Rover, ambayo sehemu kubwa ya ngozi yake ni aluminiamu. Kiwanda kilichagua madini hayo mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Land Rover ina ugonjwa wake: aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye unyevu wa chumvi, huliwa na kuwa unga mweupe, na dawa ni kuweka mpira au rangi nzito kati ya madini hayo mawili.

Baada ya uchunguzi, ndani huvuliwa kila kitu: viti, kuta za hadibodi, sponji, kapeti, mpaka mifupa ibaki wazi. Wengi hujaribu kuruka hatua hii, na ndipo hasara inapoanzia. Sponji hushika moto kwa cheche moja, na fundi asiyeiona mihimili hawezi kuipima. Nguzo zilizooza zikiwa nyingi hazikatwi kwa pamoja, kwa sababu paa litashuka na milango haitafunga tena. Kwanza bomba za mraba huchomelewa kukatiza milango na madirisha ili kuishikilia bodi katika umbo lake. Kisha utepe wa kupimia huvutwa kutoka pembe ya juu ya mbele hadi pembe ya chini ya nyuma, halafu kwa upande mwingine. Vipimo hivyo viwili vikilingana, bodi imesimama sawa. Fundi makini huviandika kwa chaki ukutani au kwenye kioo cha mbele na kuvirudia kila nguzo moja inapobadilishwa.

Bati jipya hukatwa kulingana na lile lililotolewa. Geji 18, yenye unene wa milimita 1.2 hivi, hufaa kwa sehemu zinazobeba mzigo. Geji 20 hutosha kwa ngozi ya nje. Bati la kuezekea nyumba la geji 28 au 30 lisisogezwe karibu na kazi hii, hata kama lipo bure pembeni ya gereji, maana litapindika kabla gari halijafika Chalinze. Kutu hukatwa yote hadi kwenye chuma kinachong'aa. Kubandika bati jipya juu ya bati bovu hutengeneza mfuko wa maji kati ya mabati mawili, na kiraka hicho huoza haraka kuliko kidonda kilichofunikwa. Kuchomelea nako kunataka subira. Mashine ya fimbo hutoboa bati jembamba kwa urahisi, kwa hiyo gesi au mashine ya waya huwa salama zaidi, na fundi huweka nukta moja hapa, nyingine mbali, akirukaruka ili joto lisirundikane na kulifanya bati litoe mawimbi. Kabla ya cheche ya kwanza, betri na alteneta hufunguliwa waya zake, na tangi la dizeli huondolewa au kukingwa.

Baada ya hapo kila unganisho hupakwa praima ya kuzuia kutu, ndani na nje, kisha huzibwa. Silikoni ya bei rahisi inayonuka kama siki haifai juu ya chuma kitupu, kwani asidi iliyomo huanzisha kutu, na rangi haishiki juu yake. Gundi ya poliyurethani hugharimu zaidi lakini hunyumbuka na kupokea rangi.

Kioo hurudishwa kwa mbinu inayopendeza kuitazama. Mpira mpya huvishwa kwenye kioo, kamba nyembamba huzungushwa ndani ya mfereji wa mpira, na maji ya sabuni hupakwa kote. Fundi mmoja hubana kioo kwa viganja kutoka nje, mwenzake akivuta kamba taratibu kutoka ndani. Kamba inapotoka huuchota mdomo wa mpira na kuulaza juu ya ukingo wa bati, sentimita kwa sentimita, mpaka ncha mbili zikutane na kioo kikae kwa mlio mdogo wa kunyonya.

Msasa nao hufungua historia ya gari. Ubavuni mwa Coaster iliyozunguka jijini hutokea kwanza rangi ya mwenye gari wa mwisho, chini yake mkanda wa rangi unaotambulisha njia ya daladala, pengine manjano ya basi la shule, na mwishoni kabisa nyeupe ya kiwandani yenye kivuli cha maandishi ya Kijapani. Tabaka zote hizo huondolewa pale zinapobanduka. Zilizoshika vizuri husuguliwa tu na kupokea praima. Puti hupakwa nyembamba, ya kusawazisha mikwaruzo, na rangi hupulizwa asubuhi kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi.

Kuhusu injini, mwenye Coaster ana bahati. Nyingi hubeba dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta ya kusimamia dizeli, na injini hiyohiyo ipo kwenye Land Cruiser za hospitali na za mbuga kote Tanzania. Spea zake, mpya na za mtumba, hupatikana Gerezani na Ilala. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa wakati, kwa kawaida kila kilomita 100,000, na rejeta isijazwe maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Temeke na Kigamboni yana chumvi.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa kosa moja hurudiwa mno. Coaster za Kijapani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Fundi anayetaka kuwasha redio au taa za volti 12 huchukua waya kutoka kwenye betri moja tu. Vifaa huwaka, na mwenye gari hufurahi. Lakini betri hiyo hupungua huku mwenzake akibaki amejaa, alteneta inazichaji zote kwa pamoja kana kwamba ziko sawa, na baada ya muda moja hukauka kwa kuchajiwa kupita kiasi huku nyingine ikifa kwa njaa. Mwenye gari hununua betri mpya, na kosa huanza upya. Suluhisho ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochota kwenye betri zote mbili. Bora zaidi ni kuwa na betri ya tatu ya matumizi ya ndani, inayochajiwa na sola juu ya paa, ili taa na friji za usiku zisiizuie injini kuwaka asubuhi. Friji ya wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, na waya mwembamba unaotoka mbele hadi nyuma ya gari hupata moto kwa mzigo kama huo. Kwa hiyo waya huchaguliwa mnene, na fyuzi hufungwa karibu kabisa na betri.

Samani za ndani zina mabingwa wake Keko, mtaa wa maseremala. Mninga unapendeza, lakini uzito wake huishia kwenye springi, hivyo plaiwudi hutumika kwa kabati na mninga hubaki kwenye kingo. Maji pia ni mzigo: lita 100 ni kilo 100, na tangi hukaa karibu na ekseli ili gari lisiyumbe. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hufungwa kwenye kisanduku kilichotengwa na sehemu ya kulala, chenye tundu la hewa sakafuni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Tundu likiwekwa juu, gesi hubaki kando ya kitanda.

Makaratasi hayachukui muda mrefu yakifuatwa mapema. Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo hutunza rejista ya magari, na rangi, injini au aina ya bodi ikibadilika, kadi ya gari hurekebishwa. Coaster iliyokuwa ya abiria huondolewa kwenye leseni ya biashara ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kabla ya kuanza kutumika kama gari binafsi.

Kabla kuta za ndani hazijafungwa, gari hupelekwa wazi kwenye mpira wa maji. Mtu mmoja hulimwagia gari maji kwa nusu saa, akianzia chini kwenda juu ili mahali panapovuja pajulikane panapoanzia, na mwingine hukaa ndani na tochi na chaki, akizungushia alama kila tone. Kipimo hicho hurudiwa kila mwezi wa Februari, kabla ya masika. Pakionekana unyevu, mpira wa kioo hutolewa na kufungwa upya siku hiyohiyo, ubao ukiwa bado mkavu.