Gitare Ndogo ya Kamba 6: Ya Bei Gani Inafaa?

Wandugu wanafunzi, tangu korali ya vijana ilianza kuchanga feza kwa kununua chombo cha muziki, tunasikia mabishano kila jioni mu interna. Wengine wanataka gitare kubwa, wengine ukulele, na sasa kuna watu wa tatu wanaotaka ile ndogo inayosimama katikati, ambayo kampuni ya Yamaha inaiita guitalele. Basi tuelezane mbele feza haijatoka.

Ukulele ilizaliwa Hawaii. Mwaka 1879 meli Ravenscrag ilifikisha kule wafanyakazi kutoka kisiwa cha Madeira, na maseremala waliokuwa kati yao wakaendelea kutengeneza vinanda vidogo vya kwao. Ukulele iko na kamba 4: sol, do, mi, la. Guitalele iko na kamba 6: la, re, sol, do, mi, la. Vidole vinashika sawasawa na kwenye gitare, lakini sauti inatoka juu zaidi: ukishika do, inalia fa. Kwa hiyo wimbo wa do utaupiga na vidole vya sol. Mwenye gitare kubwa akitaka kufuatana nawe na vidole vilevile, aweke kapo kwenye nafasi ya 5. Wengine wanasema hii ni kasoro. Sisi tunaona ni mazoezi ya siku mbili.

Kwa nini tusiipange tu kama gitare? Juu ya urefu wa kamba. Kwenye gitare ya nailoni ya kawaida, kamba inayolia iko na milimita 650. Kwenye Yamaha GL1 ni 433. Kamba ileile ikifupishwa hivi, na bado unataka ilie mi, lazima uilegeze mpaka nguvu yake haifiki nusu. Inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo! Ukiipanga la, inarudia karibu sehemu 8 juu ya 10 za nguvu ya kawaida, na hapo inalia vizuri.

Sasa bei. Zile zisizo na jina zinapatikana kwa dola 40 ao 60. Mbao si shida kubwa. Shida ni vyuma vya shingo, vikipigwa mahali si pake hakuna fundi atakayepatanisha sauti. Yamaha GL1 inauzwa Ulaya na Marekani karibu dola 100 ao inapita kidogo, bila kuhesabu safari mpaka hapa. Ni ya tripleksi, lakini vyuma viko mahali pake. Cordoba Mini inapita dola 200. Kamba yake ni milimita 510, na uso wake ni ubao mmoja mzima, kwa hiyo sauti ni nene na tamu zaidi. Lakini ubao mzima unaogopa ukavu. Mwezi wa 7, wakati midomo yetu yenyewe inapasuka, ubao huo nao unaweza kupasuka, na tripleksi itavumilia.

Kuna waliosema tununue mbili za dola 50. Hapana! Mbili zisizopatana kati yao ni mbaya kuliko kukosa kabisa, kwani waimbaji hawatajua wafuate gani. Kwa feza yetu, ile ya dola 100 inatosha. Lakini tusidanganyane: sanduku lake ni dogo, kwa hiyo sauti nene ni haba. Kwa mazoezi na sala ya jioni ni sawa. Siku ya Mungu, kanisa likijaa, viti vya nyuma havitasikia kitu.

Mwenye kutumwa sokoni apige kamba wazi, kisha aibonyeze kwenye nafasi ya 12. Inapaswa kulia sauti ileile, oktava moja juu. Afanye hivyo kwa kamba zote 6, na ikikosana, airudishe hata kama imepakwa rangi nzuri namna gani. Aangalie pia kama daraja halijaanza kunyanyuka. Na asikubali kuuziwa kamba za chuma ati zinalia nguvu: chombo hiki ni cha nailoni, na chuma kitang'oa daraja.