NYUMBA NAMBA 394: Makao ya rais aliyeambiwa si raia

NI nyumba ndogo, ya kawaida kabisa, katika mtaa wa Chilenje jijini Lusaka. Ukipita kwa haraka huwezi kuitofautisha na nyingine walizojengewa wafanyakazi Waafrika enzi za mkoloni. Lakini hii, namba 394, ni kumbukumbu ya taifa. Humo ndimo alimoishi Mzee Kenneth Kaunda tangu Januari 1960 hadi Desemba 1962, kabla hajawa rais wa kwanza wa Zambia.

Kutoka kwetu Nchelenge ni safari ya takriban kilomita 1,000, kupitia Mwansabombwe, Mansa, daraja la Tuta na Serenje. Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja wa Kashikishi aliyekuwa akipeleka dagaa Lusaka, wale tunaowaita chisense. Mzigo ulipokwisha sokoni, tukaongozana hadi Chilenje.

"Mwalimu, mbona hii ni sawa na nyumba ya mjomba wangu kule Mansa?" alininong'oneza, akichelea mtunzaji asimsikie.

Ni kweli, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Kaunda alitoka gerezani Januari 1960, na mwezi huohuo akakabidhiwa uongozi wa chama cha UNIP. Harakati za kuung'oa utawala wa kikoloni zikaongozwa kutoka katika vyumba hivi vidogo, alimoishi na mkewe Mama Betty na watoto wao. Hakuna marumaru wala zulia jekundu.

"Kwa hiyo alizaliwa humu?" akauliza yule mama.

La. Alizaliwa Aprili 28, 1924 katika misheni ya Lubwa, karibu na Chinsali, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mwalimu na mhubiri aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akatumwa na misheni ya Livingstonia kufundisha Wabemba. Mama yake, Helen Nyirenda, naye alikuwa mwalimu, miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha katika eneo lile. Mtoto wao mwenyewe akaja kuwa mwalimu mkuu hapohapo Lubwa katika miaka ya 1940. (Sisi walimu huwa hatukosi kulitaja hilo.)

Kaunda aliiongoza Zambia miaka 27, hadi aliposhindwa na Frederick Chiluba katika uchaguzi wa 1991. Alipotaka kurudi ulingoni mwaka 1996, katiba ikabadilishwa: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa asili. Kila mtu alijua sheria hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Mwaka 1999 Mahakama Kuu mjini Ndola ikaenda mbali zaidi, ikatamka kwamba Kaunda si raia wa Zambia. Fikiri, msomaji. Nyumba aliyopanga ni mali ya taifa, lakini mpangaji hana taifa!

Uamuzi huo haukudumu. Alipofariki Juni 17, 2021, akiwa na umri wa miaka 97, Zambia iliomboleza siku 21. Sharti lile la wazazi nalo liliondolewa katika marekebisho ya katiba ya 2016.

Watu wa Luapula wanakumbuka pia upande wa pili. Baada ya uchaguzi wa 1996, wapinzani walimpeleka Chiluba mwenyewe mahakamani, wakidai kwamba baba yake alikuwa mtu wa Kongo. Mahakama ya Juu iliitupa kesi hiyo mwaka 1998. Mkuki ulikuwa umemrudia aliyeurusha, ingawa haukumchoma.

Wamarekani nao wamo. Kule Kentucky wamejenga hekalu la mawe kuhifadhi kibanda cha magogo alimozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809. Wataalamu walipozipima pete za miti hiyo mwaka 2004, wakakuta gogo la zamani kuliko yote lilikatwa mwaka 1848! Na Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961, ilimbidi mwaka 2011, akiwa Ikulu, atoe hadharani cheti chake kamili cha kuzaliwa, kwa sababu baba yake alikuwa Mkenya na wapo waliodai kwamba hata yeye alizaliwa Kenya.

Huku kwetu swali hilo halisubiri mtu agombee urais. Watu wa Mwata Kazembe, wanaokaa kando ya ziwa dogo la Mofwe, walitoka kwa Mwata Yamvo, ng'ambo ya Mto Luapula, na kila Julai wanausherehekea ushindi wa safari ile kwa ngoma ya Mutomboko. Mpaka ulikuja baadaye na kuzikuta koo zimekwisha kaa pande zote mbili. Leo anayevuka kutoka Kashikishi kwenda Kilwa na magunia yake anaulizwa pwani, "Wewe ni wa wapi?"

Mimi nilikimbia Pweto ilipotekwa Desemba 2000, nikamalizia shule katika kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Waliozaliwa Kala miaka ile sasa ni vijana, wengine wana watoto. Nyumba walimozaliwa zilikuwa za udongo, na mvua imekwisha kuzimaliza. Kilichobaki ni kadi ya kliniki. Nimeona ofisi moja ikiikataa kadi hiyo kwa kuwa jina la baba limeandikwa kwa tahajia ya Kizambia.

Sheria ya Kongo inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, ni lazima kwenda mahakamani kutafuta hukumu inayokaa mahali pa cheti. Ni gharama, na ni safari. Anayetaka kuanza aanze na ile kadi, karatasi ya UNHCR ya kurudi nyumbani, na mashahidi wawili watatu waliokuwapo kambini, kabla hawajazeeka.

Yule mama wa Kashikishi ana kadi mbili, za binti zake waliozaliwa ng'ambo. Amezifunga kwenye nailoni, na hulala nazo chini ya mto, pamoja na fedha za dagaa.