Jinsi kughairi ombi kulivyogeuzwa silaha ya kulemaza seva

Mnamo Oktoba 10, 2023, kampuni za Google, Amazon na Cloudflare zilifichua kwa pamoja kwamba tangu Agosti mwaka huo zilikuwa zikipambana na mashambulizi ya mtandaoni ambayo ukubwa wake haukuwa umewahi kushuhudiwa. Katika kilele chake, mitambo ya Google ilipokea maombi milioni 398 kwa sekunde moja. Shambulio hilo la dakika mbili lilizidi idadi ya mara ambazo makala ya Wikipedia yalifunguliwa mwezi mzima wa Septemba.

Mashambulizi ya aina hii hayaibi siri ya mtu. Azma yake ni kuishughulisha seva kwa maombi bandia hadi mteja halali akose huduma. Wakenya walionja adha hiyo Julai 2023, tovuti ya serikali ya eCitizen ilipolemewa. Tukio ambalo, ijapokuwa halikuhusishwa na udhaifu huu, lilionyesha jinsi raia anavyokwama lango moja linapozibwa.

Udhaifu wenyewe ulijificha katika HTTP/2, itifaki iliyochapishwa mwaka 2015 ili kivinjari kiweze kutuma maombi mengi kwa mpigo kupitia muunganisho mmoja. Itifaki hiyo humruhusu mteja kughairi ombi kabla halijajibiwa. Ni ustaarabu mwema: msomaji akifunga ukurasa, hakuna haja ya kuendelea kumletea picha zake. Ili zisielemewe, seva huweka kikomo, mathalani maombi 100 yanayosubiri majibu kwa wakati mmoja.

Sasa tazama mkahawa ambao mteja haruhusiwi kuagiza zaidi ya sahani kumi ambazo hazijaletwa. Anaagiza kumi, kisha papo hapo anasema, "Basi, acha." Katika daftari la mhudumu hadai hata sahani moja, kwa hivyo anaagiza kumi nyingine, na kughairi tena. Jikoni, mpishi amekwisha kukanda unga na kuwasha moto. Mteja ametumia sauti yake tu. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Cloudflare, tarakilishi takriban 20,000 zilizotekwa na wadukuzi zilitosha kuzua gharika hiyo. Jeshi dogo mno kwa vita vya namna hii.

Waundaji wa programu hawaiandiki HTTP/2 upya kila mara. Huazima maktaba iliyo tayari, yaani mkusanyiko wa misimbo ya kutumiwa na wengi. Moja ya maktaba hizo, nghttp2, imo ndani ya Node.js na hutegemewa na seva ya Apache. Toleo lake la 1.57.0 lilitolewa siku ile ile ya tangazo: huhesabu kasi ya kughairi, na anayezidisha hukatiwa muunganisho.

Tatizo ni kwamba mwenye mtambo huenda hajui amebeba maktaba gani, hasa ikiwa fundi aliyeusimika aliondoka zamani. Anayekuta nambari iliyo chini ya hiyo asikimbilie kuhukumu. Wasambazaji wa Linux mara nyingi hurekebisha kasoro bila kupandisha toleo. Aangalie katika taarifa za usalama za msambazaji wake kama CVE-2023-44487, utambulisho rasmi wa udhaifu huu, imeorodheshwa kuwa imezibwa.