Kiota Kisichofikiwa

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri fupi ambayo sisi wahubiri twaipita mbio. Yahusu mtu akutaye kiota njiani: makinda aweza kuyachukua, ila mama amwache aende zake. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliihesabu kuwa nyepesi kuliko amri zote. Hata hivyo kila mkulima wa Meru na Embu aielewa bila kufundishwa, kwa maana alaye mbegu mwaka huu, mwakani hana cha kupanda.

Leo tuzungumze juu ya viota ambavyo haviko njiani kabisa. Kuna ndege ambao ngome yao ni moja tu: mahali wanapozalia hapafikiki. Mbali sana kusini mwa dunia, katika visiwa vya baridi kali, yuko pengwini aitwaye pengwini mfalme. Hajengi kiota. Hutaga yai moja, huliweka juu ya miguu yake na kulifunika kwa ngozi ya tumbo. Huko nchi kavu hakukuwa na chui wala mbweha, basi hakujifunza kukimbia. Watu walipofika kwa merikebu katika kisiwa cha Macquarie waliwachemsha pengwini kwa maelfu ili wapate mafuta, na kisiwa hakikutangazwa kuwa hifadhi mpaka mwaka 1933. Katika kisiwa cha South Georgia mambo yalikuwa mengine. Panya walishuka kutoka merikebu za wawindaji, wakala mayai na makinda ya ndege wa baharini. Kuwamaliza kulihitaji helikopta za kumwaga chambo chenye sumu kati ya 2011 na 2015, na ilipofika 2018 ndipo kisiwa kilipotangazwa kuwa hakina panya tena. Panya huingia kwa siku moja!

Mtaniuliza, Mchungaji, pengwini watuhusu nini sisi wa Chuka na Runyenjes? Haya, tuje karibu.

Wengi wenu mmekwenda Nakuru pamoja na shule au na akina mama wa kanisa, mkawaona heroe, ambao twawaita flamingo, wamepamba ukingo wa ziwa kwa rangi ya waridi. Lakini pale wanakula tu. Hukadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa mahali pamoja, Ziwa Natron, Tanzania ya kaskazini, karibu na mpaka wetu. Tukilinda Nakuru na Bogoria na kuliacha Natron, tumelinda meza tukachoma nyumba.

Mtu aliyekwenda kuviona viota vile alikuwa amefanya kazi Embu. Jina lake Leslie Brown, afisa wa kilimo, ambaye katika wilaya ya Embu aliwachunguza tai kwa miaka mingi. (Wasomaji wa Ayubu 39 mtakumbuka tai na kiota chake mwambani, naona bwana huyu alilichukua swali lile kama kazi ya nyumbani.) Mwaka 1954 aliona makao ya heroe kutoka angani, akaamua kuyaendea kwa miguu. Uwanja mweupe ulioonekana mgumu ulikuwa ganda la magadi, ndugu ya yale tutiayo katika maharagwe yaive upesi, na chini yake matope ya moto. Alizama hatua baada ya hatua. Aliponea chupuchupu, miguu imeungua, akalazwa hospitalini na kuwekewa ngozi nyingine.

Yaliyomuunguza yeye ndiyo yamzuiayo fisi. Katikati ya matope hayo heroe hufinyanga vichuguu, na juu ya kila kimoja huweka yai moja, nalo huatamiwa kama siku 28. Ila ngome hii yategemea kipimo cha maji. Yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, adui hupita pakavu. Natron ilipofurika mwaka 1962, heroe walihamia Ziwa Magadi, huku Kenya. Huko magadi yaliwaganda makinda miguuni kama pingu, yasiweze kutembea. Watu waliingia ziwani wakazivunja pingu hizo kwa mkono, wakafungua makinda kama 27,000, na mengine mengi wakayaswaga mpaka kwenye maji mazuri.

Mwaka 2006 likaja pendekezo la kiwanda kando ya Natron, cha kutoa tani 500,000 za magadi kila mwaka. Mimi simcheki mtu atafutaye kazi. Nina vijana parokiani waliomaliza shule na wamekaa tu. Lakini kiwanda kingehitaji barabara, mabomba, makao ya wafanyakazi, na maji baridi mengi ya mito ile ile, na heroe wakisumbuliwa huacha mayai yao. Watu wengi walipinga, na mwaka 2008 kampuni ilijiondoa. Baadaye macho yaligeukia bonde la Engaruka, kusini zaidi. Kwa maoni yangu huko ndiko pangetafutwa tangu mwanzo.

Umebaki mto. Maji makubwa ya Natron huja na Ewaso Ng'iro, si ule wetu upitao karibu na Isiolo, bali wa kusini, uanzao msitu wa Mau. Mti ukikatwa kule juu, mvua huteremsha udongo kupitia Narok hadi vinamasi vya Shompole, na kutoka hapo ni hatua chache tu kufika ziwani.