Mtoto Anataka Udaktari: Kikundi Kijiandae Vipi?



Kila mara matokeo ya KCSE yakitoka, tunaulizwa swali moja na akina mama na wazee wa vikundi. Je, kuna mtihani mwingine wa kupima akili kabla mtoto hajaingia udaktari? Swali hili huja pamoja na lingine la pesa, kwa maana wapo watu mjini wanaouza masomo ya kujitayarisha kwa mtihani kama huo. Kabla kikundi hakijatoa shilingi hata moja kutoka kwa sanduku, tuulize kwanza: mtoto wetu anapitia mlango gani?

1. Mlango wa vyuo vya umma

Kwa vyuo vya serikali, kama Chuo Kikuu cha Nairobi au Moi, hakuna mtihani wa pekee wa udaktari. Mtihani ni KCSE yenyewe. Nafasi hugawiwa na KUCCPS, shirika lililochukua kazi ya ile bodi ya zamani, JAB.

Pamoja na alama ya jumla, KUCCPS hutazama masomo manne: Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, kwa hivyo masomo manne ni pointi 48. Kiwango cha chini ni B katika kila somo. Lakini tusidanganyane: nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hivyo kwa kawaida wanaochukuliwa ni wenye A au A-.

Basi matayarisho ya kweli huanza siku mtoto anapochagua masomo. Darasa la mwisho la 8-4-4 ni lile lililofanya KCPE mwaka 2023, na KCSE yao ni ya 2027. Hao wamekwisha kuchagua. Wadogo zao, walioanza kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, huchagua njia. Anayeota udaktari ashike njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na asiache Biolojia na Kemia.

2. Mlango wa vyuo vya binafsi

Chuo cha binafsi kinaweza kuwa na usaili au mtihani wake. Uliza chuo chenyewe, si mtu wa kati. Halafu uliza kama chuo kimekubaliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC. Bila kibali hicho, mtoto anaweza kusoma miaka 6 na asiruhusiwe kutibu.

3. Mlango wa ng'ambo

Hapa ndipo mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri upo kweli. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza hutaka UCAT, mtihani ulioanza mwaka 2006 kwa jina la UKCAT. Hufanywa kwa kompyuta, mara moja tu kwa mwaka kwa kila mwombaji. Tangu 2025 una sehemu nne: kuelewa maandishi, kufanya uamuzi, kutumia hesabu, na kupima mwenendo ufaao kazini.

Hauulizi Biolojia wala Kemia. Unapima kasi na utulivu. Maswali ya maandishi hujibiwa kwa muda wa nusu dakika hivi kila moja. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hivyo mtoto asiache swali wazi.

Tutoe mfano wetu wa swali la hesabu. Mtoto ana kilo 15. Kila mara apewe miligramu 10 za dawa kwa kila kilo, mara 3 kwa siku. Chupa ina miligramu 900. Itatosha siku ngapi? Kila mara ni miligramu 150, kwa siku ni 450, basi ni siku 2. Si vigumu, lakini jaribu kulijibu kwa chini ya dakika moja!

Waandalizi wa UCAT hutoa mazoezi bure kwenye intaneti. Saa chache kila wiki katika saiba zinaweza kufanya kazi nzuri. Pesa ngumu zaidi ni karo ya huko, ambayo kwa mgeni ni kubwa sana. Kikundi kipige hesabu hiyo kabla ya mtihani, si baadaye.

4. Mtoto akikosa alama

Asikate tamaa. KMTC, ambayo makao yake makuu yako karibu na Hospitali ya Kenyatta, hufundisha wauguzi na maafisa wa kliniki kwa diploma. Mwenye C anaweza kuomba, mradi masomo yanayotakiwa yamefika. Watu hawa ndio wanaotuhudumia zahanati za vijijini.

5. Ukifika Nairobi

Maombi ya KUCCPS na mkopo wa HELB hufanywa kwa intaneti, hata kutoka kijijini. Usilipe nauli bure. Lakini kukiwa na shida, nenda ofisini mwenyewe:

- KUCCPS iko ACK Garden House, 1st Ngong Avenue.
- HELB iko Anniversary Towers, University Way, katikati ya mji.
- KMPDC iko Woodlands Road, karibu na Lenana Road, Kilimani. Aliyefikia kwa jamaa Kawangware apande matatu ya 46, ashukie Hurlingham na kuuliza njia.

Mtu akikuambia, "Nipe kitu kidogo nikupatie nafasi ya udaktari," mwache aende zake. Nafasi haiuzwi. Nambari ya siri ya mtoto pia asipewe mtu yeyote, hata yule kijana wa saiba.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu wanaosoma Biolojia na Kemia? Shule yao ina maabara na mwalimu?
2. Je, fedha zetu zinasaidia zaidi zikinunua vitabu vya sayansi sasa, au zikingoja harambee ya baada ya matokeo?
3. Nani kati yetu atafuatana na mzazi asiyejua kusoma wakati wa kujaza maombi?