Je, Nguvu ya Redio Hufika Kwenye Antena?

Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico mwezi Septemba 2017, umeme na simu vilikatika karibu kisiwani kote. Miongoni mwa watu waliokwenda kusaidia kazi ya Msalaba Mwekundu wa Marekani walikuwamo wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi ya redio kwa ajili ya kujifunza na kuwahudumia wenzao, si kwa biashara. Katika hali ya maafa kama hiyo mtambo wa redio mara nyingi hutegemea betri au jenereta ndogo, na antena huwa waya uliofungwa popote panapowezekana. Wati zinazopotea njiani haziwezi kufidiwa kwa urahisi.

Mitambo mingi ya kisasa ya wanaredio wa ridhaa hutoa nguvu ya wati 100, nayo imeundwa kulisha mzigo wenye ukinzani wa omu 50. Waya uliotundikwa kwa haraka mtini hauwezi kuwa na omu 50 katika kila masafa. Tofauti hiyo huelezwa kwa uwiano wa mawimbi. Mzigo ukiwa omu 50 kamili, uwiano ni 1 kwa 1. Ukiwa omu 25 au omu 100, uwiano ni 2 kwa 1. Uwiano ukifika 3 kwa 1, robo ya nguvu inayoufikia mzigo hurudishwa nyuma, na mtambo wa transista hujikinga kwa kupunguza nguvu yake.

Kirekebishi cha antena kilichomo ndani ya mtambo kimewekwa ili kuondoa tatizo hilo. Kwa kawaida kina koili na kapasita kadhaa, pamoja na swichi ndogo za sumaku zinazoongozwa na kompyuta. Mwendeshaji akibonyeza kitufe, swichi hizo husikika zikigongagonga kwa sekunde chache, kisha mita ya mtambo huonyesha 1 kwa 1. Virekebishi vingi vya ndani hufanya kazi hiyo mpaka uwiano wa 3 kwa 1, yaani kutoka omu 17 hivi hadi omu 150.

Wengi huridhika hapo. Hata hivyo, mita hiyo hueleza jambo moja tu, kwamba mtambo umekubali kutoa nguvu yake yote. Haielezi nguvu hiyo imekwenda wapi. Koili zina ukinzani wake, na mkondo unapopita humo sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nishati haitoweki bali hubadili umbo. Basi swali linalopaswa kujibiwa na kipimo ni hili: kati ya wati 100 zilizoingia katika kirekebishi, ni ngapi zilizotoka?

Kirekebishi kilicho nje ya mtambo ni rahisi kukichunguza, kwa kuwa mpimaji anaweza kuweka mita mbele yake na nyuma yake. Katika jarida la QST la Aprili na Mei 1995, mwanaredio Frank Witt alieleza kwa kirefu njia ya kuvipima virekebishi kwa kutumia rezista. Kirekebishi cha ndani kina shida ya pekee, maana mlango wake wa kuingilia umefichwa ndani ya kasha.

Shida hiyo yaweza kuepukwa kwa kulinganisha vipimo viwili. Kwanza kirekebishi huzimwa, na mtambo huunganishwa na mita ya wati pamoja na antena bandia ya omu 50, yaani rezista kubwa inayopokea nguvu bila kuirusha hewani. Mathalani mita itaonyesha wati 100. Kisha antena bandia mbili za omu 50 huunganishwa sambamba kwa nyaya fupi, na hivyo kufanya mzigo wa omu 25. Mita huwekwa kwenye tawi moja tu, na kirekebishi huwashwa. Kila tawi hupata nusu ya nguvu. Kwa hiyo mita ikisoma wati 40, zilizotoka ni wati 80, na wati 20 zimekuwa joto. Antena bandia tatu hutoa omu 17 hivi, na hapo kinachosomwa huzidishwa kwa 3.

Kwa mizigo mikubwa hutumiwa rezista zisizo za waya uliozungushwa, kwa kuwa waya huo nao ni koili. Volti zinazopimwa kwenye rezista hupigwa kipeo cha pili na kugawanywa kwa omu. Volti 95 kwenye omu 100 ni wati 90 hivi. Volti za namna hii huunguza ngozi; zisiguswe kamwe.

Kipimo hurudiwa katika kila masafa, kuanzia megahezi 1.8 hadi 28. Mzigo wa omu 25 unaopokea wati 100 hupitisha ampea 2, ilhali ule wa omu 100 hupitisha ampea 1 tu. Ndiyo maana mizigo miwili yenye uwiano uleule yaweza kuwa na hasara tofauti kabisa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mita nyingi za kawaida hukosea kwa asilimia 5 au zaidi, hivyo tofauti ya wati mbili au tatu si ushahidi.

Antena halisi haina ukinzani mtupu kama rezista, na kwa sababu hiyo kipimo hiki hakimalizi kila jambo. Zaidi ya hayo, kirekebishi kilicho ndani ya mtambo hakibadilishi chochote katika kebo iendayo kwenye antena; uwiano mbaya hubaki humo pamoja na hasara zake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanaredio ni kuukata waya kwa urefu unaostahili. Kirekebishi humalizia tofauti ndogo iliyobaki.